Lenzi za Mjomba zimelala kabatini, nami namdanganya kila akipiga simu

Shikamoo Shangazi,

Najua barua nyingi unazopokea ni za mapenzi na ndoa. Yangu ni ya kamera. Tafadhali usicheke, maana imeanza kuninyima usingizi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38. Napiga picha kwa kupenda tu, sijawahi kulipwa hata mara moja. Kamera yangu ni Nikon D3300, niliinunua ikiwa imeshatumika, pamoja na ile lenzi yake ndogo ya milimita 18-55. Kwa miaka minne imenitosha. Ninachopenda zaidi ni sura za wazee. Nawakalisha karibu na dirisha, tunapiga soga mpaka wanasahau kwamba nimeshika kamera, halafu ndipo nabonyeza. Picha hizo nazipenda na wenyewe wanazipenda.

Shida ilianza binti yangu alipoingia timu ya mpira wa kikapu. Wanacheza ukumbini, jioni, na taa zenyewe ni hafifu. Msimu mzima umepita sina picha hata moja ya kujivunia. Mikono inatoka kama moshi, mpira unaota mkia. Nimeangalia taarifa za picha hizo na karibu zote zinafanana: lenzi imevutwa hadi 55, tundu la kupitisha mwanga f/5.6 (namba ikikua, tundu linapungua), kasi ya shata 1/60 ya sekunde. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, siipandishi kupita 1600, kwa sababu kwenye kundi letu la wapiga picha nimeambiwa zaidi ya hapo picha inajaa vidoa, ni chenga tupu.

Sasa kuna Mjomba. Ndiye aliyenishikisha kamera kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa. Alikuwa na Nikon F90 ya filamu, na hakuna shughuli ya familia iliyopita bila yeye kuipiga picha. Macho yake sasa yamepungua nuru. Mwaka juzi aliiuza ile kamera, akaniita, akanikabidhi lenzi zake tatu, kila moja imeviringishwa kwenye kitambaa chake: ya 50 f/1.8, ya 85 f/1.8, na zumu kubwa ya 80-200 f/2.8. Zote ni za aina ya AF yenye herufi D.

Nilifika nyumbani nikafunga ile ya 85, nikabonyeza. Skrini ikaandika FEE, kamera ikakataa kupiga. Nyingine mbili, hivyo hivyo. Nikauliza kundini. Mmoja akanijibu mbele ya watu wote kwamba kamera yangu haina mota ya kuendesha lenzi hizo: “Hiyo ni ya kujifunzia, dada, achana nayo.” Wengine wakaweka vile vikatuni vya kucheka. Nikazirudisha kwenye vitambaa vyake. Hata pete za kuzungusha kwenye lenzi sijazigusa. Ile ya 85 bado iko kwenye f/4 kama Mjomba alivyoiacha, na naona kama nikiizungusha nitafuta alama ya mkono wake.

Kila baada ya wiki mbili tatu Mjomba hupiga simu. Baada ya salamu ananiuliza, “Macho yangu yanaendeleaje huko?” Anamaanisha lenzi. Nami namjibu, “Yanaona vizuri sana, Mjomba.” Nikikata simu roho inanisuta.

Nimeweka akiba kwa muda mrefu, nayo inatosha jambo moja tu. Kundi linasema niuze kila kitu, za Mjomba zikiwemo, nihamie kamera isiyo na kioo ndani, ya fulu fremu (yenye kihisi kikubwa, kile kipokea mwanga), Nikon Z5 na lenzi yake ya 24-50. Wakaongeza kwamba kama nazionea huruma hizo za Mjomba, ninunue adapta nizitumie humo. Rafiki yangu mwingine anasema nitafute D7200 au D750 iliyotumika, kwa kuwa hizo zina mota. Mume wangu anasema, “Fedha ni zako, amua mwenyewe,” jambo ambalo badala ya kunipa nafuu limenizidishia mzigo.

Nifanyeje, Shangazi? Nikiuza najiona msaliti. Nisipouza najiona mjinga anayebakia nyuma.

Wako,
Macho Kabatini

Shangazi anajibu:

Marahaba, mwanangu. Sijacheka. Nimepiga picha miaka mingi na nimewahi kulala na macho wazi kwa sababu ya lenzi, kwa hiyo tunaelewana.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikadhani ni ya kuchagua kifaa. Mara ya pili nikaona mambo matatu yamefungwa kitambaa kimoja: mikono ya binti yako inayotoka kama moshi, vikatuni vya kucheka, na simu ya Mjomba. Kila moja inavuta akiba yako upande wake. Ukinunua kamera ili kunyamazisha kundi, huenda mikono ikaendelea kuwa moshi. Ukinunua ili kumridhisha Mjomba, huenda ukabeba mzigo usiohitajika ukumbini. Ngoja tuyafungue taratibu, nikianzia na jambo ambalo umeliandika kama limeshathibitishwa.

Umeandika kwamba lenzi za Mjomba zimekataa. Mimi nadhani hazijakataa. FEE si kilio cha mota. Ni kamera inayolalamikia pete ya tundu. Lenzi hizo zilitengenezwa wakati mpiga picha alipochagua tundu kwa kuzungusha pete iliyo kwenye lenzi yenyewe, na ndivyo Mjomba alivyofanya kwenye F90 yake. D3300 inataka kuchagua tundu yenyewe kupitia gurudumu lake, na ili iweze, pete lazima iwe kwenye namba kubwa kuliko zote, ile iliyoandikwa kwa rangi ya chungwa: kwenye 85 ni 16, kwenye hizo mbili nyingine ni 22. Ukifika hapo kuna kitufe kidogo cha kufungia pete isirudi. FEE itaondoka na kamera itapiga, na mwanga itaupima kama kawaida.

Unaona kilichotokea? Ile pete ya f/4 uliyoiacha kwa heshima ndiyo iliyoifungia lenzi mdomo.

Kuhusu mota, yule bwana wa kundini alisema kweli, ingawa kwa ulimi mbaya. D3300 haina mota ndani, na lenzi za AF-D kama hizo za Mjomba hazina mota zake. Kwa hiyo fokasi, ule ukali wa picha, utaizungusha kwa mkono. Lakini hujaachwa gizani: ukichungulia kwenye kitundu cha kutazamia cha kamera, chini upande wa kushoto kuna kinukta cha kijani kinachowaka pale sehemu uliyoilenga inapokuwa kwenye fokasi. Kwa mzee aliyetulia dirishani, kinukta hicho kinatosha kabisa, na sijui kama umewahi kuona sura ya mzee kwa lenzi ya 85 ikiwa f/2.8. Ukuta wa nyuma unayeyuka, mikunjo ya macho inabaki.

Mpira wa kikapu ni habari nyingine, na hapa nataka tupige hesabu kidogo kwa sababu namba ulizonipa ni za thamani. Uko f/5.6, 1/60, ISO 1600. Mchezaji anayeruka anahitaji karibu 1/500 ili atulie kwenye picha, yaani unahitaji mwanga mara 8 zaidi ya unaoupata. Sasa angalia kilicho kabatini. Tundu la f/2 kwenye ile ya 85 linapitisha mwanga karibu mara 8 ya f/5.6. Hilo peke yake linakufikisha. Zumu ya 80-200 ikiwa f/2.8 inapitisha mara 4, na ukipandisha ISO hadi 3200 umeshafika 1/500 hiyo hiyo.

Na hiyo ISO nani aliifungia mlango? Chenga zipo, sikatai. Lakini picha yenye chenga ina mikono, na chenga hupunguzwa baadaye kwenye programu. Mkono uliogeuka moshi hakuna programu itakayouumba upya ukawa ule wa binti yako. Kamera yako inapanda hadi 12800 bila hata kulazimishwa. Mechi ijayo weka 6400, acha lenzi yako ileile ndogo, utapata 1/250 bila kutoa chochote mfukoni. Haitakuwa kamilifu. Itakuwa picha.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie kununua.

Z5 ni kamera nzuri, na sitaki uniwekee maneno ya wivu mdomoni. Inatafuta jicho la mtu yenyewe na kuling'ang'ania, jambo ambalo yako haiwezi. Ina kitulizi cha mtetemo ndani ya mwili wake, na kwa sura za wazee kwenye mwanga hafifu ungekifurahia mno. (Kumbuka tu kitulizi kinatuliza mkono wako wewe. Mchezaji hakimtulizi.) Wasiwasi wangu uko kwenye lenzi inayokuja nayo. Ile 24-50, ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake kubwa ni f/6.3, yaani ni dogo kuliko hilo unalolilalamikia sasa. Kihisi cha fulu fremu ni milimita 36 kwa 24, chako ni takriban 23.5 kwa 15.6, hivyo kikubwa kina eneo mara 2 na ushei, na kinakuruhusu kupandisha ISO kama hatua moja zaidi, yaani karibu mara 2, kwa chenga zilezile. Toa kile kinachopotezwa na f/6.3, faida inabaki chini ya mara 2. Wewe unahitaji mara 8.

Halafu kuna umbali. Kihisi chako kidogo kinafanya ile 55 ione kama lenzi ya 82 kwenye fulu fremu. Ukihamia Z5 na 50 yake, binti yako atakuwa mdogo zaidi kwenye picha kuliko alivyo leo, na ukimkata ili umkuze utakuwa umetupa sehemu ya kile kihisi kikubwa ulichokinunua. Watu wengi wanaingia hapa. Nami nimeingia: kuna mwaka nilinunua mwili mkubwa nikabaki sina hela ya lenzi, nikazunguka nao miezi kadhaa nikiwa na lenzi ya bei ya chini mbele, picha zikawa zilezile, tofauti ni kwamba shingo iliniuma.

Na ile adapta waliyokutajia, FTZ, ingekuvunja moyo. Inazipokea lenzi za Mjomba, lakini nayo haina mota. Za AF-S zenye mota zake zinajifokasi kupitia humo, za AF-D hazijifokasi. Ungerudi kuzungusha kwa mkono, ingawa skrini ingekusaidia kwa kuwasha rangi kwenye kingo za kilicho kwenye fokasi. Kama kuna mtu aliyekuahidi kwamba adapta ingeyafumbua macho ya Mjomba, alikupa nusu ya habari.

Njia ya rafiki yako ndiyo inayoyafumbua kweli. D7200 na D750 zote zina mota ndani, na lenzi zote tatu zitajifokasi, kwa kelele kidogo ya gia ambayo Mjomba akiisikia kwenye simu ataitambua. Kati ya hizo mbili, D7200 ina kihisi cha ukubwa kama chako, kwa hiyo 85 itaendelea kukupeleka karibu na uwanja na 18-55 yako haitapotea. D750 ni fulu fremu: sura za wazee zitapendeza, 80-200 itafanya kazi iliyoundiwa, lakini 18-55 yako itajaza sehemu ya kati tu ya kihisi na kukuachia picha ya megapikseli kama 10.

Lakini nikuonyeshe na upande wake wa giza. Hizi ni kamera zilizotumika. D7200 ilitoka 2015, D750 ikatoka 2014, na shata ya kila moja ilijaribiwa kwa mizunguko 150,000. Uliza imeshapiga ngapi kabla ya kutoa fedha, na usikubali jibu la “chache tu”. Kisha familia yenyewe ya kamera zenye kioo ndani, kama yako, imefika jioni yake: Nikon haijatoa mpya ya aina hiyo tangu 2020. Hazitazima kesho. Ila kama ndoto yako ni kupanda taratibu na mfumo unaokua, ujue unapanda basi ambalo kituo chake cha mwisho kinajulikana. Wapo wanaoliona hilo kama hasara. Wapo wanaosema ndiyo maana nauli imeshuka, na wanasafiri kwa raha zao.

Kuna njia nyingine ambayo hukuitaja, huenda kwa sababu haina fahari ya kuitangazia kundi. Lenzi moja yenye mota yake, kwa mfano 85 f/1.8 ya kizazi cha G, au 35 f/1.8 ya DX (ya kihisi kidogo kama chako) kama unakaa karibu na mstari wa uwanja, ikafungwa kwenye D3300 hiyohiyo. Itajifokasi na itakupa ule mwanga, na sehemu ya akiba itabaki. Ubaya wake? Mfumo wa fokasi utabaki ule wa kamera ya ngazi ya kwanza, ambao ukumbini wenye taa hafifu hukosea mara nyingi kuliko ungependa. Na za Mjomba zitaendelea kubaki za wazee wa dirishani. Sijui kama hilo kwako ni pungufu.

Kabla hujachagua, kuna kazi ya jioni moja ningependa uifanye. Toa picha 20 ulizozikasirikia zaidi na 20 unazozipenda zaidi, uangalie namba zake kama ulivyofanya. Nina shaka zile unazozipenda hazikukosa kitu. Megapikseli 24 zako ni nukta 6000 kwa 4000, zinachapisha picha ya upana wa nusu mita bila kutetemeka. Kama nusu ya maisha yako ya picha iko sawa, swali linabadilika. Haliwi tena “nihamie wapi?” Linakuwa “hii nusu nyingine inastahili akiba yangu yote, au sehemu?” Binti yako atacheza misimu mingapi? Wewe unajua, mimi sijui. Na kama unaweza kuazima au kukodi D7200 kwa mechi moja, fanya hivyo, mechi moja itakuambia mengi kuliko barua yangu.

Wakati huohuo jaribu hili na ile ya 85. Usimkimbize mpira. Chagua mahali binti yako hupenda kurushia, fokasi hapo kwa mkono mapema, weka f/2, usubiri afike. Ukiwa mita 8 kutoka hapo, unene wa eneo lililo kwenye fokasi ni kama sentimita 70, hatua moja ya mtoto. Utakosa nyingi. Zile chache utakazopata utajua ulizisubiri. Zumu ile ya 80-200 ina uzito wa kilo moja na robo na zaidi wakati mwili wako haufiki hata nusu kilo, kwa hiyo ishike lenzi, kamera ining'inie kwayo. Na kabla ya yote zimulike zote tatu kwa tochi kupitia kioo. Zimekaa kwenye vitambaa na kabati tangu mwaka juzi, na fangasi hupenda giza na unyevu. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, mpelekee fundi mapema. Zikiwa safi, zitoe kabatini uziweke mahali pakavu penye hewa.

Kuhusu lile kundi: huyo bwana alijua mota, hakujua pete. Sitakuambia utoke wala ubaki. Nimeona tu kwamba katika barua nzima hukutaja mtu hata mmoja humo aliyewahi kuuliza unapiga picha za nini.

Na kuuza. Umejiita msaliti, nami silioni hivyo moja kwa moja. Mjomba mwenyewe aliuza F90 yake. Alijua kutofautisha chombo na kazi. Upande wa pili, kamera aliiuza lakini lenzi hakuziuza, akazifunga moja moja akakuita wewe, na hilo nalo si bure. Kuna tafsiri mbili hapo na mwenye jibu yuko hai, ana simu. Anapouliza “macho yangu yanaendeleaje”, wewe umesikia anakagua mali. Mimi nilipoisoma nilimsikia mtu ambaye haoni vizuri akiomba asimuliwe kilichoonekana. Huenda nimekosea, wewe unaijua sauti yake. Ukimwambia kwamba ulikuwa unamficha, inawezekana ataumia kidogo. Inawezekana pia atacheka, kwa sababu F90 yake nayo ilitaka pete ifungwe mwisho kwa baadhi ya kazi, na iliandika FEE ileile.

Basi kabla hujaizungusha ile pete kutoka kwenye f/4, ipige picha kwa simu alama hiyo ibaki. Halafu mpigie yeye kwanza, umuulize ni picha gani ya mwisho aliyoipiga kwa f/4 na ile ya 85. Ukishajua, niandikie.

Shangazi